Ile SAWA ya Kijani

Nyundo ilitua kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

"Bado tisa," yule jamaa akasema.

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayehesabu mayai kabla ya kuyafunga.

Nilipiga yowe... lakini nani angenisikia? Chini ya ofisi yetu kuna karakana ya mageti. Mashine ya kukatia vyuma inanguruma kutwa nzima, hata simu huwa tunapokelea ngazini.

Na pale sakafuni, karibu na miguu ya kiti changu, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Mikono nyuma, kamba, damu puani.

"Dada, wape," akaniambia huku analia. "Wape tu. Watatuua."

Ndugu zangu mnaosoma, kishikeni hicho kilio. Tutakirudia.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Bosi wetu ana duka la kubadilisha sarafu za mtandaoni, na sarafu za wateja wake zinakaa kwenye seva, kompyuta kubwa tunayoiita ghala. Kazi niliyopewa ni kuandika programu ya kuzungumza na hiyo seva: toa hiki, peleka kule, angalia kama kimefika.

Tulianza kazi hiyo wawili, mimi na mdogo wangu. Kila mtu anamwita Chapuchapu. Tangu mtoto hana subira huyo, chai anaimeza ya moto halafu anaulaumu ulimi.

Nilimlea mimi. Nilimfundisha kompyuta mimi, kwa mashine iliyokuwa na vitufe pungufu.

Sasa nisikilizeni kidogo hapa, maana hapa ndipo damu ilipotokea.

Wewe umewahi kupeleka viatu kwa fundi? Unaweza kukaa kwenye benchi lake mpaka kiatu kiishe. Au unaacha kiatu, unapewa kikaratasi cha namba, unaenda kwenye mambo yako.

Programu yangu ilikuwa ya namna ya pili. Inatuma ombi, haisimami kungoja. Inatuma jingine, na jingine. Majibu yanarudi kwa wakati wao.

Na hayarudi kwa foleni! Ulipeleka buti kwanza, ukapeleka ndala baadaye, lakini ndala ndiyo inaisha mapema. Kwa hiyo ukirudi, unasoma namba ya kikaratasi. Usiposoma namba utaondoka na kiatu cha mtu.

Chapuchapu hakuwahi kulikubali hilo.

"Dada, seva ni moja," alikuwa ananiambia. "Aliyetangulia kuuliza anajibiwa kwanza. Jibu la kwanza ni la swali la kwanza. Namba za nini?"

"Soma namba, mdogo wangu."

"Unapenda kujichosha."

Sehemu yake aliiandika hivyo hivyo, bila kusoma namba. Siku bosi alipokuja kuijaribu, majibu yalichanganyika mbele ya wageni wake. Bosi akacheka mpaka akafuta machozi, akaniambia niitupe ile kazi niandike upya yote.

Chapuchapu alichukua koti lake akatoka.

Nilijua ameumia. Sikujua ameumia kiasi gani.

Turudi kwenye nyundo.

Waliingia wawili, baada ya chakula cha mchana. Walimsukuma Chapuchapu mbele yao, ameshatoka damu. Aliyeshika nyundo alivaa glovu za mafundi wa kuchomelea, basi nitamwita Glovu. Mwenzake hakufungua mdomo hata mara moja. Huyo nitamwita Kimya.

Kimya alifunga mlango, akaegemea.

Glovu akaweka simu yake mezani. Kwenye simu kulikuwa na anwani ya pochi, ile ya mtandaoni ya kuwekea sarafu.

"Zote za ghalani ziende hapo," akasema.

"Si zangu. Ni za wateja."

Hapo ndipo kidole kilipovunjwa.

Nilipomaliza kulia akanishika nywele, akageuza uso wangu kwenye skrini.

"Sikiliza. Nikiona SAWA ya kijani, tunaondoka. Nikiona nyekundu, kichwa cha huyu mdogo wako kinapasuka hapa hapa. Jibu la kwanza ndilo letu. Umeelewa?"

Jibu la kwanza.

Nilishtuka. Maneno hayo nilikuwa nayajua kama ninavyojua sauti ya mlango wa nyumbani. Lakini nikajiambia, wamempiga, amesema. Nani asingesema?

Nikamwangalia Chapuchapu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Sikuwa na nia ya kuwapa kitu. Nasema ukweli, wala si ushujaa. Wateja wetu ni watu ninaokutana nao kila asubuhi, mmoja wao ni mama anayeweka humo pesa za dawa za figo za mumewe. Ningeishije mtaani?

Lakini sikuwa tayari pia kumzika mdogo wangu.

Nikafikiri kwa ile akili inayobaki mtu anapoumia sana.

Nikaandika ombi la kuhamisha. Nikaliwekea ufunguo wa siri wa zamani, ule tulioufuta. Kwenye skrini ufunguo unaonekana nukta tu, mtu hawezi kuujua huu ni upi. Seva yetu ikiletewa ufunguo wa aina hiyo haikurupuki. Inaanza kuuliza seva wenzake, wanashauriana, ndipo inakataa. Hapo kuna muda kidogo.

Nikabonyeza tuma. Hiyo ikawa namba moja.

Halafu nikabonyeza kitufe cha pembeni. Kitufe hicho kinaiuliza seva swali dogo tu: upo? Hiyo ikawa namba mbili.

"Mbona umebonyeza tena?" Glovu akauliza.

"Kidole kinatetemeka."

"Kikitetemeka tena nakikata."

Nikaweka mikono juu ya meza. Damu ilikuwa inaingia kwenye kibodi, kati ya herufi na herufi.

Skrini ikawaka kijani.

SAWA.

Pembeni yake, kwa maandishi madogo, iliandikwa namba mbili. Hakuna aliyeitazama. Glovu alikuwa anaangalia rangi.

Nikashusha pumzi. Waondoke, nikasema moyoni. Waondoke kabla nyekundu haijafika.

Ndipo nikasikia sauti kutoka sakafuni.

"Imeingia. Tuondokeni."

Tuondokeni...

Chapuchapu akasimama. Kamba ikabaki chini. Haikuwa imefungwa, ilikuwa imezungushwa tu. Akajifuta damu puani kwa mkono wa shati, na ile pua, ndugu zangu, haikuwa na jeraha lolote.

Kidole changu kiliacha kuuma. Sijui kiliacha vipi, lakini kiliacha. Maumivu yote yalihamia kifuani.

"Chapuchapu?" nikamwita, kama mjinga.

Alikuwa anaitazama ile SAWA. Na alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshinda ubishi.

"Na dada yako?" Glovu akamuuliza.

Nilimwangalia mdogo wangu machoni. Nilimwogesha huyu. Nilimbeba mgongoni alipougua surua, nikaambukizwa mimi.

Akakwepesha macho.

"Ameniona," akasema.

Basi. Neno moja tu. Akaenda dirishani akanipa mgongo, akawa anatazama mageti yaliyoegemezwa uani.

Glovu akainua nyundo. Safari hii hakuwa anatazama vidole.

Nikafumba macho.

Kompyuta ikalia. Mlio mfupi, mara tatu, ule niliouchagua mwenyewe kwa sababu unaudhi.

Nikafumbua. Chini ya ile SAWA, mstari mwekundu umewaka.

Glovu alikuwa ameisimamisha nyundo hewani. Akainama, akasoma taratibu, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Namba moja. Imekataliwa."

Kisha akasoma ile ya kijani.

"Namba mbili. Sawa."

Jambazi, jamani! Jambazi alisoma namba.

"Haiwezekani," Chapuchapu akasema, amegeuka, rangi imempotea. "Ilishajibu. Ilishajibu kwanza..."

"Ulisema kijani ikija tumemaliza."

"Ndiyo, kijani imekuja..."

"Pochi haina kitu." Glovu alikuwa ameshika simu yake. "Umetuleta mchana kweupe, sura zetu zimeonekana, na pochi haina kitu. Unatuuza wewe."

"Nawauzaje mimi? Ngoja nieleze..."

Kimya akatoka mlangoni. Akamkamata Chapuchapu shingoni, akamlaza juu ya meza, shavu kwenye kibodi yenye damu yangu.

Glovu akaunyoosha mkono wa kulia wa mdogo wangu. Akapiga. Akapiga tena. Hakuwa anachagua kidole.

Sauti ile sitaki kuielezea.

"Dada! Dada!"

Safari hii kilio kilikuwa cha kweli. Na mimi, ambaye dakika ile nilikuwa na kila haki ya kukaa kimya, nilijikuta nimesimama.

"Mwacheni. Hajui kitu. Ni mimi niliyewadanganya."

Glovu akageuka polepole.

"Wewe?"

"Mimi. Yeye hajui kusoma majibu. Hajawahi kujua."

Nyundo ikanikuta kwenye bega. Mfupa wa mtulinga ukaenda. Nikaanguka na kiti, nikaona viatu vyake vinanijia, akanipiga teke la mbavu, la pili, la tatu. Nikawa navuta pumzi haiji.

Halafu... kimya.

Simsemi yule jambazi. Kimya chenyewe. Ile mashine ya chini ilikuwa imezimwa.

Glovu naye akausikia huo ukimya. Akasimama na mguu hewani.

Sasa niwaambie kitu ambacho Chapuchapu hakukijua, kwa sababu alichukua koti akaondoka kabla sijakiandika. Programu yangu nilishaiambia zamani: jibu la kuhamisha likirudi jekundu, funga ghala, mpigie bosi. Haihitaji mimi nishike kitu. Haihitaji hata niwe hai. Jibu likifika tu, kazi inafanyika yenyewe.

Bosi alikuwa dukani kwake, upande wa pili wa mji. Asingewahi. Akampigia fundi wa mageti.

Ngazi zikalia kwa miguu mingi.

Mlango ulivunjwa kwa nondo. Fundi aliingia wa kwanza, kofia ya kuchomelea bado kichwani, na nyuma yake vijana wake wenye mabomba na koleo. Aliniangalia pale chini, akakiangalia kidole changu.

"Nani kafanya hivi?"

Hakungoja jibu.

Nondo ilimpata Glovu kwenye magoti. Alianguka akirusha nyundo yake ovyo, ikapasua kioo cha kompyuta. Kimya akaruka dirishani. Chini kulikuwa na geti jipya lenye ncha za mapambo, halijapakwa hata rangi. Hapo ndipo tulipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, na ilikuwa nyembamba sana.

Glovu alipigwa mpaka nikaomba waache. Niliomba mara ya pili. Ile ya tatu ndipo fundi akasikia.

Kijana mmoja akamwinua Chapuchapu, akamkumbatia.

"Pole sana, kaka. Wamekuumiza."

Mdogo wangu akanitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi. Ningekaa kimya tu, angetoka pale kama mwathirika mwenzangu, apewe pole na maji ya kunywa.

"Huyo ni mwenzao," nikasema.

Ilikuwa sentensi fupi, na ilinitoa machozi kuliko nyundo.

Leo kidole changu cha shahada hakikunjiki. Naandika programu kwa vidole tisa, na bega linanisumbua kukiwa na baridi. Wateja hawakupoteza chochote. Yule mama wa dawa za figo hajui hata kama kulitokea kitu, na sitamwambia.

Wiki iliyopita nilikwenda gerezani. Kuna dirisha la wavu, mnakaa huku na huku. Mkono wake wa kulia umekaa kama tawi lililokauka. Hatashika kibodi tena.

"Dada," akaniambia. "Kuna kitu kinaninyima usingizi."

"Kipi?"

"Ile kijani. Ilikuwa ya nini?"

Nilidhani ataniomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimejipangia hadi maneno. Kumbe anauliza kijani.

"Niliiuliza seva kama ipo," nikamjibu. "Ilikuwa namba mbili."

Akacheka kidogo. Kisha uso ukamvunjika, akalia vile alivyokuwa analia akiwa mdogo, bila kujificha.

"Sikusoma namba," akasema.

"Hukusoma."

Askari akagonga, muda umekwisha. Chapuchapu akasimama, akaweka ule mkono mbovu kwenye wavu.

"Dada, utakuja tena?"

Ndugu zangu, wengi mtaniandikia hapo chini nimsamehe, wengine nimsahau kabisa. Mimi ninachowaomba ni kimoja. Mtu akikujibu neno tamu, usikimbilie kufurahi kwa sababu limekuja mapema. Angalia kwanza anajibu swali gani. Nilipokuwa mbele ya nyundo nilimuuliza mdogo wangu kwa macho kama mimi ni dada yake, na yeye akawa anaijibu skrini.

Alikuwa bado amesimama pale wavuni, ananisubiri, yeye asiyejua kusubiri.

Nikafunga kitambaa changu, nikachukua mkoba, nikatoka.

Swali lake nimelipokea. Jibu bado liko njiani.