Mkebe Chini ya Msahafu

Jumatatu, saa tisa alasiri, Purity Kavumbi aliingia chumbani mwake Msambweni akakuta ameibiwa. Tarakilishi ilikuwa mahali pake, na mkufu wake wa fedha ulining'inia pale pale kwenye msumari. Kilichotoweka ni mkebe wa biskuti, na ndani yake kinasa sauti chenye mahojiano ya mwaka mzima.

Koplo Mbodze alipofika kutoka kituoni alimkuta binti wa watu ameketi kitandani, macho mekundu.

"Afande, Alhamisi natetea tasnifu yangu ya uzamili," Purity alisema. "Jopo linataka kusikia sauti zenyewe. Bila mkebe ule sina shahada."

"Shahada ya nini, mwanangu?"

"Masomo ya dini. Nimewahoji watu walioshika dini yao barabara, lakini shida ilipowabana wakabisha hodi kwa jirani wa dini nyingine."

"Na hukuweka nakala?"

"Niliwaahidi sauti zao hazitatoka kwenye kile kinasa sauti."

Mbodze alishusha pumzi. Alikwisha kufuatilia mbuzi, pikipiki na mabati ya watu, lakini mwizi wa kuacha mkufu akabeba maneno alikuwa hajapata kumwona. Kesi ilimwingia moyoni papo hapo.

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo wa akiba hutundikwa barazani, na nyumba nzima inajua. Purity alieleza kwamba mkebe hukaa juu ya kigoda, juu yake Biblia, na juu ya Biblia msahafu. Twaiba, mwenye nyumba, ndiye aliyemfundisha kwamba juu ya msahafu hakiwekwi kitu. Sasa vitabu vyote viwili vilikuwa juu ya kabati, vimelazwa ubavu kwa ubavu kwenye leso iliyokunjwa vizuri. Kizingitini palikuwa na maji.

"Haya maji umemwaga wewe?"

"Nimeyakuta, Afande."

Purity alikuwa ametoka saa saba kwenda kuchapisha kurasa zake. Geti lilifungwa kwa ndani, na wakati huo wote ndani mlikuwa na watu wazima watatu tu. Mbodze alianza na Jared, mpangaji wa chumba cha pili, mhudumu wa hoteli Diani, aliyetoka kitandani akipikicha macho.

"Aki Afande, mi nilikuwa nimelala. Nilitoka shifti asubuhi."

"Nasikia mligombana na Purity juzi."

"Si alikuwa anaplay zile rekodi zake mpaka usiku! Nilimwambia nitazitupa choo. Lakini hiyo ni hasira tu, walai."

Mwenye kutisha hadharani namna ile, Mbodze aliwaza, kama angeiba kweli angebeba na mkufu. Hata hivyo hakumfuta kwenye orodha ya washukiwa.

Twaiba alikuwa chumbani kwake na mtoto mchanga kifuani.

"Ufunguo ni wako, Bi Twaiba."

"Ni wangu, lakini mie niko ndani ya arubaini, dadangu. Hata ufagio sijaushika tangu nijifungue. Nimetoka kuwafungulia geti Jared na Maalim, basi."

Maalim Dzombo, aliyekuja kuwasomesha watoto wakubwa wa Twaiba, alikuwa bado barazani, kofia mkononi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Jambo la kusikitisha hili. Watoto walipomaliza kusoma nilijinyoosha hapa kwenye mkeka, nikapitiwa na usingizi. Sikumwona mtu."

Mbodze alirudi chumbani. Alitaka kuona kama chini ya vitabu pana alama yoyote, akanyoosha mkono kuuchukua msahafu, kisha akaurudisha haraka.

"Ngoja nikatawadhe kwanza," alimwambia Purity, akageuka kuelekea bombani.

Hakufika. Alisimama kizingitini akiyatazama yale maji, akajicheka mwenyewe kwa sauti mpaka Purity akashtuka.

Aliwaita wote barazani.

"Mwizi wetu alikuwa na haraka," alianza. "Lakini alichokitaka kilikuwa chini ya msahafu, na hakuthubutu kuugusa hivi hivi. Akaenda bombani akatawadha, akaingia na miguu ya maji. Biblia nayo hakuitupa chini, aliitandikia leso. Jared, udhu waujua?"

"Si ni ile ya kunawa mikono?"

"Kaa chini, baba. Bi Twaiba, wewe uko kwenye nifasi, damu ya uzazi. Hata ungetawadha mara kumi usingeushika msahafu."

"Wallahi siushiki."

Mbodze alilainisha sauti, kwa kuwa alimheshimu mtu yule na jambo hili lilimuuma.

"Maalim, wewe mwenyewe umeniambia ulilala. Usingizi ulikutengulia udhu wako wa adhuhuri. Ulipoamka ukaona ufunguo."

Dzombo alifungua mkoba wake wa juzuu za kusomeshea, akautoa mkebe, akauweka miguuni pa Purity.

"Nilikwambia siri yangu, mwanangu. Warda wangu alipougua, dawa zote ziliposhindwa, nilikwenda Bongwe kwenye maombi ya Wakristo nikasimama nyuma nikilia. Mtoto akapona. Sasa wazee wa msikiti wanataka kunifanya imamu."

"Lakini jina lako nilikuahidi nitalificha, Maalim!"

"Jina, ndiyo. Na sauti? Mimi ndiye ninayeadhini. Kuanzia hapa mpaka Funzi nani asiyeijua sauti hii?"

Purity alifunika mdomo kwa kiganja. Mwaka mzima alikuwa ameficha majina, asifikirie hata siku moja kwamba mtu hujulikana kwa koo lake.

"Nisamehe, Maalim. Kosa ni langu pia." Alifungua mkebe, akampa kinasa sauti. "Sura yangu ya mwisho ni yako peke yako, lakini futa sehemu yako sasa hivi. Afande, mimi sishtaki."

"Sura yako ya mwisho si itaanguka?" Twaiba aliuliza.

"Ianguke."

Maalim alibonyeza, akaifuta sauti yake. Mbodze alifunga kesi: mali imepatikana, mlalamikaji ameridhika.

Alhamisi, chuoni, jopo lilizisikiliza sauti zote zilizobaki, kisha profesa mmoja akavua miwani.

"Sura ya mwisho inamzungumzia mtu mmoja tu, na sauti yake hatujaisikia. Tutaaminije kwamba yupo?"

Kabla Purity hajajibu, mlango ulifunguliwa. Maalim Dzombo aliingia kwa kanzu nyeupe, Warda akimfuata.

"Asalaam alaykum. Mtu huyo ni mimi. Jana nimewaeleza wazee wa msikiti habari hii kwa mdomo wangu," alisema. "Wamesema imamu aliyelia kwa ajili ya mwanawe wanamtaka. Sasa niulizeni mnalotaka kuuliza."

Walimuuliza kwa saa nzima. Jioni ile Purity alimpigia Mbodze simu, na kwa muda mrefu alishindwa kusema lolote kwa kulia na kucheka, mpaka koplo akaelewa mwenyewe kwamba amefaulu.