Madumu ya Kitambaa Chekundu

"Wewe Anisia, unampendea nini mwanamume aliyechungulia dumu lako kabla hajakutazama usoni?" Jirani yake Euphrasia alimuuliza hivyo mwaka tisini na sita, na gulio zima la Runzewe likacheka.

Ilikuwa kweli. Siku ya gulio Anisia alikuwa kwenye kibanda chake cha togwa, khanga mpya kiunoni, akitikisa kokoto na mchanga ndani ya dumu kuondoa utelezi. Wilbard, mtafiti wa dawa za maji, akasimama, suruali ya tetroni imenyooka kama rula, akatia kidole ndani ya dumu jingine.

"Dada, utelezi huu ni mji. Bakteria wamejijengea kuta, klorini haiwafikii. Mimi natengeneza kemikali ya kuzibomoa, wasijenge tena."

"Hicho kidole umekinawa?"

Akacheka. Wenye shahada hucheka wanapokosa jibu.

Wakapendana, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Wilbard akamwachia madumu kumi ya maji: matano yaliyofungwa kitambaa chekundu yana dawa yake, matano ya kitambaa cheupe hayana. "Mwezi mzima usiyaguse, laazizi. Tuone utelezi utaota wapi."

Mwezi ulipoisha, simu ikalia dukani kwa Mohsin. "Malkia wangu, wakubwa zangu wa Dar wanafika leo mchana!"

Anisia akafungua madumu. Utelezi ulikuwa kwenye yote kumi, mekundu kwa meupe. Mgeni akute chombo kinateleza? Aibu hiyo kwao haipo. Akaanza kusugua mekundu, maana ndiyo ya mpenzi wake, akayajaza maji mapya. Kabla hajagusa mengine, gari likapiga honi.

Wakubwa wakamulika tochi ndani, wakampongeza Wilbard, wakamwahidi cheo na kwamba dawa itapelekwa hospitalini, kwenye matangi ya maji.

Jioni, hotelini, Wilbard akamvisha pete. Alinukia manukato kuliko bwana harusi.

"Wilbard, yale mekundu niliyasugua mimi. Dawa yako haikuzuia kitu."

Akasogeza kiti karibu. "Umemwambia nani?"

"Wewe. Ukawaambie."

"Malkia, haya ni mambo ya wasomi. Wewe wa darasa la saba, nani atakuuliza? Nyamaza, tufunge ndoa."

"Na wagonjwa watakaowekewa dawa hiyo?"

"Wataombewa. Si ndiyo kazi yenu kanisani?"

Anisia akamtazama kuanzia viatu vilivyong'arishwa hadi nywele zilizochanwa kwa maji. Akavua pete, akaiweka mezani.

"Keti basi, mpenzi, watu wanatutazama!"

Akajitanda khanga, akatoka.