Spika Iliyopita Msibani

"Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, chawa, papasi, wote kwisha!"

Spika ilikuwa juu ya bajaji. Bajaji ilikuwa mbele ya turubai la msiba, Maili Moja, mchana kweupe.

Haikupunguza sauti.

Kabula Magembe aliinua kichwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wengine, kanga mbili mwilini, bastola ya Glock 19 chini ya kanga ya pili. Kila mchuuzi wa Maili Moja huzima spika akiona turubai la msiba. Muuza barafu huzima. Gari la matangazo ya mpira huzima. Hata walevi hushusha sauti. Huyu alifanya kinyume. Alisimamisha bajaji kabisa, akaongeza sauti.

"Huyu ana wazimu?" mama mmoja alifoka. "Watu tunalia, yeye anatutangazia kunguni!"

Marehemu aliitwa Laurean. Majirani walimjua kama fundi wa majokofu. Kabula alimjua zaidi ya hapo. Laurean alikuwa jasusi, na alikuwa mwenzake kazini, kwenye Kitengo cha siri cha serikali. Alikutwa kando ya mto Ruvu na risasi kisogoni. Watu waliambiwa ni majambazi.

Hawakuwa majambazi.

Ghafla kitu kilitetemeka kifuani kwa Kabula.

Ilikuwa simu ya Laurean, Tecno iliyopasuka kioo. Kabla hajafa aliiacha kwa mama yake, akamwambia, "Mpe Kabula tu." Ndani yake kulikuwa na programu moja isiyo na jina, yenye alama ya sikio jeusi, aliyoinasa kwa watu aliokuwa akiwachunguza. Wataalamu wa Kitengo waliihangaikia mpaka wakachoka. Haikufunguka.

Sasa ilifunguka yenyewe.

Kabula aliificha simu ndani ya kanga na kutazama. Ilikuwa video. Mtambo wa maji wa Ruvu. Mlango wa nyuma. Bomba kuu linalopeleka maji Dar es Salaam. Kisha sauti ya mwanaume mgeni, Kiswahili cha kuvunjika.

"Leo saa kumi jioni. Bomba hili linavunjika. Ninyi tangulieni Ruvu. Baruti iko kwa Brighton, Kisarawe. Yeye atapata tangazo lake stendi."

Mji mzima bila maji. Wodi za wazazi bila maji. Na moto ukizuka, zimamoto watazima kwa mate?

Alitupa jicho upande wa wanaume.

Watatu walikuwa wameshika simu. Video ileile ilikuwa mikononi mwao. Hakuna aliyewajua, na hakuna aliyewauliza, kwa sababu msibani mtu haulizwi ametoka wapi. Wamemuua Laurean, kisha wakaja kukaa kwenye viti vya msiba wake na kula wali wake.

Waliinuka. Mmoja bado alikuwa anatafuna.

Kabula naye aliinuka. Mama Tereza, mama yake Laurean, alimshika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na wewe unaniacha, mwanangu? Maziko ni kesho."

"Siwezi kukuacha, mama. Narudi kabla giza halijaingia."

"Laurean naye alisema anarudi."

Kabula alibusu mkono wa mama yule, akatoka.

Nyuma ya choo cha jirani alipiga simu.

"Mjomba, chakula kimeungua."

"Wangapi wamekula?" Mzee Raphael, mkuu wa Kitengo, hakuwahi kupandisha sauti.

"Watatu. Wako kwenye gari, Noah nyeusi, wanaelekea Mlandizi."

"Hao niachie mimi. Na mpishi?"

"Namfuata."

Alirukia bodaboda ya kwanza aliyoiona.

"Ile bajaji. Usiipoteze."

Dereva alicheka. "Dada, dawa ya kunguni ndiyo unaikimbiza hivyo?"

"Kunguni wangu ni wakubwa. Endesha!"

Bajaji iliacha barabara ya Morogoro, ikakata kona nyuma ya duka la mbao. Bodaboda ikapita katikati ya mashimo, ikaizibia njia. Kabula alishuka kabla haijasimama. Dereva wa bodaboda alipoona bastola aliondoka bila kudai nauli.

Mwenye bajaji alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, shati limelowa jasho.

"Karibu, dada. Pakiti moja au..."

"Shuka."

"Mimi mfanyabiashara tu!"

"Ukigusa hata honi, nakutoboa goti. Jina?"

"Zahoro."

"Nani alikuambia usizime spika msibani, Zahoro?"

"Mzungu mmoja, anaitwa Lindo. Alisema nikizima, simu hazitasikia. Nilimwambia bosi, huku kwetu watu hawafanyi hivyo. Akanicheka. Brighton akaniambia nikizima, ananizika mzima."

"Kwa hiyo ukaona bora utangaze kunguni mbele ya wafiwa."

Zahoro alitazama chini.

"Lindo yuko wapi?"

"Sijui. Walahi sijui. Mimi wananipa bajaji na njia ya kupita. Hawapigiani simu kamwe. Lindo anasema simu za Tanzania zina masikio."

"Hilo tu ndilo amepatia."

Gari dogo, Probox nyeupe, lilisimama kando yao. Faudhia, fundi wa mitambo wa Kitengo, aliyetumwa na Mzee Raphael kufuata simu ya Kabula, alishuka na begi lake. Alichungulia chini ya kiti cha bajaji, akavuta kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kiberiti kikubwa. Alikiunganisha na kompyuta yake, na uso ukabadilika.

"Mashetani hawa wana akili. Ndani ya tangazo kuna mlio. Sikio la mtu haliusikii, simu inausikia. Simu yenye lile sikio jeusi ikiutambua, inajua kuna video hapa karibu. Inaivuta kutoka kwenye kisanduku hiki. Haipiti kwenye mtandao wowote. Ndiyo maana hatukuwahi kuwanasa."

"Video ya Brighton unaweza kuibadilisha?"

"Mlio uleule, video nyingine. Sauti ya Lindo nitaitengeneza kwa kompyuta. Kiswahili chake kibovu, hata nikikosea atadhani ni yeye." Kisha akaacha kutabasamu. "Kuna mlio mwingine hapa, Kabula. Huu hauna video. Umeandikwa 'Baruti'."

"Maana yake?"

"Baruti nayo imefungiwa simu. Simu hiyo inasikiliza. Ikiutambua mlio huu, kwisha habari."

"Unaweza kuizuia?"

"Kwa mbali siwezi. Ila simu ni kama mtu kwenye harusi yenye muziki mkubwa. Kelele ikizidi, haitambui chochote."

Kabula aliitazama spika ya bajaji.

* * *

Kisarawe, stendi.

Brighton alikuwa ameegemea lori dogo la Canter lililojaa magunia ya mkaa. Miwani nyeusi. Viatu vyeupe visivyo na vumbi. Chini ya mkaa kulikuwa na baruti ya kupasulia mawe, imeibwa machimboni.

"Kunguni, chawa, papasi, wote kwisha!"

Bajaji ilisimama karibu yake. Nyuma, chini ya maboksi ya dawa, Kabula alikuwa amejikunja, mtutu wa Glock ukigusa mgongo wa Zahoro.

Simu ya Brighton ilitetemeka. Aliitazama. Sauti ya Lindo ikasema, "Polisi wako Ruvu. Peleka mzigo njia ya Maneromango, shamba la mikorosho. Subiri hapo."

Brighton alisonya. Kisha akasogea kwenye bajaji.

Karibu sana.

"We Zahoro. Mbona jasho? Umekula dawa yako mwenyewe?"

"Jua, kaka."

"Msibani ulizima?"

"Sikuzima."

"Safi. Yule marehemu alikuwa mbishi. Nilimwambia piga magoti, akakataa. Nikampiga amesimama." Alicheka. "Acha azikwe na kunguni."

Chini ya maboksi, Kabula aliuma kanga yake. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Kukivuta kidogo tu.

Hakukivuta. Stendi ilikuwa imejaa watu, na mkaa ulikuwa na baruti.

Brighton alipanda Canter. Ikaondoka.

"Dada," Zahoro alinong'ona, "mimi sikujua kama ndiye aliyemuua."

"Sasa umejua. Washa bajaji."

* * *

Barabara ya Maneromango haimwogopi mtu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo ulikuwa umegeuka uji. Canter yenye mzigo iliingia bondeni kati ya mikorosho, ikalala ubavu kidogo, ikakwama. Magurudumu yalizunguka na kurusha matope.

Askari wa Kitengo walitokea nyuma ya mikorosho kutoka pande zote.

Dereva aliruka na kulala chini mwenyewe, mikono kichwani. Brighton hakulala. Alipanda juu ya magunia, simu mkononi, viatu vyeupe vikiwa vyeusi.

"Msisogee! Nikibonyeza hapa mlio utoke, wote tunageuka moshi!"

Askari walisimama. Bajaji ilifika nyuma yao. Kabula alishuka, kanga kiunoni, bastola mkononi, akatembea kwenye matope kana kwamba anakwenda kisimani.

"Wewe nani?" Brighton alifoka.

"Jirani wa marehemu."

Brighton alimtazama, kisha akaitazama bajaji. Akaelewa.

"Zahoro! Mbwa wewe! Umeniuza?"

Zahoro aliinama nyuma ya usukani.

"Tupa bastola, mwanamke," Brighton alisema. "Au nikupeleke kwa Laurean wako."

"Zahoro," Kabula alisema bila kugeuka. "Fungulia."

Zahoro alisita, mkono kwenye swichi.

"Fungulia, Zahoro! Mpaka mwisho!"

Spika ilinguruma kidole cha Brighton kikibonyeza.

"DAWA YA PANYA! DAWA YA MENDE!"

Ndege waliruka kutoka kwenye mikorosho. Askari mmoja aliziba masikio. Brighton alibonyeza tena. Akaisogeza simu kwenye gunia. Akabonyeza tena na tena, mdomo wazi, akitukana matusi ambayo hakuna aliyeyasikia.

Ndani ya mkaa, simu ya baruti ilisikiliza. Haikutambua kitu.

"KUNGUNI, CHAWA, PAPASI, WOTE KWISHA!"

Kabula alipiga risasi moja.

Simu ya Brighton ilipasuka vipande vipande mkononi mwake. Alianguka kwenye matope, ameshika vidole vyenye damu. Faudhia, aliyekuja na askari, alikuwa tayari juu ya magunia, koleo mkononi, akikata nyaya.

Kabula aliinama juu ya Brighton. Alimsogezea mdomo sikioni ili amsikie.

"Ulisema kweli. Laurean alikuwa mbishi. Simu yake ndiyo imekumaliza."

Simu ya Kabula iliita.

"Wale watatu ninao, na wamesema bosi wao aliko," alisema Mzee Raphael. "Lindo tumemkuta hotelini Kibaha. Amefungua dirisha, anakunywa chai, anasubiri kusikia mlipuko. Hizo kelele ni za nini?"

"Dawa ya panya, Mjomba."

"Inafanya kazi?"

"Vizuri tu."

* * *

Jua lilikuwa linazama walipoingia Maili Moja. Mbele ilitangulia Land Cruiser ya Kitengo. Bajaji ilifuata, Zahoro kwenye usukani, Kabula nyuma. Tangazo lilikuwa bado linapiga. Tangu Maneromango hakuna aliyekumbuka kulizima.

Turubai la msiba lilionekana mbele.

Kabula alinyoosha mkono kuelekea kwenye swichi.

Zahoro aliwahi. Alizima spika mwenyewe, mbali kabisa na turubai, kisha akazima na injini. Akashuka, akaisukuma bajaji kwa mikono, taratibu, kichwa chini, mpaka ikapita. Upande wa pili alisimama na kunyoosha mikono afungwe pingu.

Mama Tereza alikuwa mahali pale pale.

"Umerudi."

"Nimerudi, mama."

"Na waliomuua mwanangu?"

"Hawatapita tena hapa."

Mama Tereza alisogea kidogo kwenye mkeka, akampisha.

Simu ya Kabula ilitetemeka. Mzee Raphael tena.

"Mpwa wangu, kuna jiko lingine linawaka."

"Baada ya maziko, Mjomba."

Akaizima simu, akavua viatu vyenye matope ya Maneromango, akakaa.