Kadi Isiyo na Sahihi

Toby Inskip alimmwagia Jorien Vellekoop ndoo nzima ya maji viatuni kabla hajajua hata jina lake.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, soko la maua la Nine Elms, saa ambayo kila mwenye duka la maua London yuko pale anagombania mawaridi kana kwamba hayataota tena. Toby alikuwa anarudi kinyumenyume na boksi la yungiyungi kifuani, haangalii aendako, akaikumba ndoo. Maji yakamfikia mwanamke mrefu, nywele rangi ya majani makavu zimefungwa kwa kamba ya kufungia maua, koti la bluu lililochakaa viwikoni, na viatu vya ngozi vya kijani ambavyo mtu mwenye akili zake havivai sokoni.

"Samahani," Toby akasema. Kisha akainama, akaiinua ndoo. "Samahani."

"Hiyo ya pili umemwambia nani?"

"Ipi?"

"Umeiomba radhi ndoo, bwana. Nimekusikia."

Toby akaiva uso. "Samahani," akasema tena.

Jorien akacheka mpaka akashika meza. "Miaka kumi nimekaa na nyinyi, bado sijazoea. Mnaviomba radhi viti, mnaiomba radhi milango. Haya, liombe na hilo boksi, maana umelibana mbavu."

Ndivyo tulivyo sisi Waingereza, sikatai. Samahani tunaigawa bure kama njugu. Ila siku tuliyokosa kweli, mbele ya mtu tuliyemkosea kweli, kigugumizi kinatushika. Hilo usilisahau, maana ndilo lililotaka kuwatenganisha hawa wawili.

Jorien alikuwa Mholanzi, msimamizi wa kizimba cha kampuni moja ya kwao Aalsmeer. Kila jioni lori la maua lilivuka bahari kwa meli, na kabla hakujapambazuka tulipu zilikuwa ndani ya ndoo Nine Elms. Toby alikuwa na duka dogo Kennington, na kuanzia siku ile akawa mnunuzi wa tulipu asiye na kiasi. Bi Maureen, mwenye kibanda cha chai pale sokoni, akamvumilia mwezi mzima, mwishowe akamwambia, "Mwanangu, tulipu zimekujaa mpaka mlangoni. Mwambie tu huyo mwanamke unampenda, upate pa kupita."

Akamwambia. Krismasi ilipofika, viatu vya kijani vilikuwa vinalala chini ya kitanda cha Toby, ghorofani juu ya duka. Walipendana kwa utani mwingi na chai nyingi, wakaishi hivyo karibu mwaka.

Kisha ukafika Oktoba 2019, na serikali ikawa inaapa kwamba tarehe thelathini na moja nchi inatoka Umoja wa Ulaya, kwa makubaliano au bila makubaliano. Kwa watu wa maua hayo hayakuwa maneno ya magazetini. Ua halisubiri foleni ya forodha. Likikaa siku mbili bandarini ni takataka. Wakubwa wa Jorien wakamwandikia: nchi ikitoka bila makubaliano siku hiyo, kizimba cha London kinafungwa, na yeye anarudi Aalsmeer.

Bunge nalo lilikuwa limepitisha sheria. Kama halijaidhinisha makubaliano kufikia Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, Waziri Mkuu lazima aandike barua Brussels kuomba siku ya kutoka isogezwe hadi mwisho wa Januari. Naye Waziri Mkuu alishasema hadharani kuwa heri afie mtaroni kuliko kuomba hivyo. Basi nchi nzima ikakaa inamtazama mtu mmoja: atatii, hatatii?

Ndani ya nyumba ya Toby kulikuwa na mkaidi mwingine. Watu wa Ulaya walitakiwa kuomba ruhusa ya kuendelea kukaa, kwa simu, na Jorien alikuwa amegoma.

"Nimelipa kodi hapa, nimeugua mafua yenu hapa miaka kumi na moja. Nimwombe nani ruhusa ya kukaa kwangu?"

"Ni fomu tu, mpenzi. Robo saa."

"Basi ijaze wewe."

Alisema kwa kejeli. Toby, kwa woga wake, akalichukua kama lilivyo. Jumapili moja Jorien ametoka, Toby akafungua mtoto wa meza, akatoa pasi ya kusafiria ya Jorien, akaipiga picha kwa simu, akajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. Kisha simu ikadai uso wa mwombaji. Uso huo Toby hakuwa nao. Mteja akagonga kengele dukani, Toby akaitia pasi mfukoni mwa aproni, akashuka, akasahau.

Jorien aliikuta alipokuwa anafua.

"Hii inafanya nini humu?"

"Nilitaka kukusaidia tu."

"Umeniombea? Umejifanya mimi, ukaniombea nyumbani kwangu?"

"Niliogopa, Jorien."

"Sikuulizi kama uliogopa. Nakuuliza kama umekosa."

Mtu aliyeiomba radhi ndoo akakaza shingo. "Niombe msamaha kwa sababu nataka ubaki?"

"Ahaa," Jorien akasema taratibu. Akakusanya nguo zake kwenye begi, zile mbichi akaziacha. Mlangoni akageuka. "Maua usinitumie, mimi nina lori zima. Niandikie. Kwa mkono wako, na sahihi yako chini: nimekosa."

Akahamia kwa rafiki yake Stockwell, akakata tiketi ya meli ya Jumanne, tarehe ishirini na tisa. Toby aliwaza kwamba Jorien ametafuta kisingizio cha kurudi kwao. Jorien aliwaza kwamba mwanamume huyu anamwona mgeni wa kuombewa hifadhi. Wote wawili walikuwa wanaumia, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kusema.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa ikapita bila Bunge kuidhinisha makubaliano. Jumapili asubuhi simu ya Toby ikalia, naye akaidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Umesikia?" Ni Jorien. Hakuna salamu.

"Nimesikia. Waziri Mkuu katuma."

"Katuma nini hasa? Gazeti unalo, nisomee."

Toby akalifungua gazeti juu ya kaunta. "Kuna barua inayoomba siku zisogezwe, kama sheria ilivyoagiza. Haina sahihi. Ni fotokopi."

"Fotokopi?"

"Na kuna nyingine inayosema kusogeza siku ni kosa. Hiyo kaitia sahihi."

Akasikia kicheko kinatoka puani, kile cha mtu asiyetaka kucheka. "Mtu mzima, jamani. Kama mtoto aliyelazimishwa kumwomba dada yake radhi, anasema samahani huku kanuna."

"Sheria ilisema atume. Haikusema atume akitabasamu."

"Kwa hiyo inahesabika?"

"Wanasema inahesabika. Kilichobaki ni Ulaya kujibu."

"Sawa," Jorien akasema. "Basi hata yule ameandika, Toby. Yule wa heri mtaro. Wewe je?"

Simu ikakatwa.

Wiki nzima Toby aliharibu kadi. Zile ndogo za kuchomeka kwenye mashada, ambazo kila siku anawaandikia wateja wake maneno ya mapenzi bila kigugumizi. Kwa wengine kalamu iliteleza. Kwa kadi yake mwenyewe ilikwama kwenye herufi ya kwanza.

Jumatatu ya tarehe ishirini na nane alifika Nine Elms amenyoa, amevaa koti lake la mazishi kwa kuwa ndilo pekee lenye vifungo vyote. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Kizimba cha Jorien kilikuwa nusu kimefungwa, ndoo tupu zimepandana, safu moja tu bado ina tulipu. Jorien alikuwa ndani ya viatu vyake vya kijani, penseli sikioni, anafagia majani.

Toby akamnyooshea kadi mbili. Jorien akazipokea.

Ya kwanza ilisema: Nimekosa. Nilichukua kisicho changu. Chini hapakuwa na kitu.

Ya pili ilisema: Bado naona kuogopa hakukuwa kosa. Toby Inskip. Na mistari miwili chini ya jina.

"Hii ya kwanza ya nani?"

"Yangu."

"Mbona haina jina?"

"Nimeiga serikali."

Midomo ya Jorien ikacheza, akaibana. Akatoa penseli sikioni, akaiweka juu ya kadi. "Hao Ulaya labda wanapokea barua isiyo na sahihi. Mimi si Ulaya, mimi ni Jorien."

Toby akaishika penseli, lakini kwanza akamtazama usoni, si ndoo, si viatu. "Niliogopa niamke siku moja nije hapa nikute ndoo zako hazipo. Nikakufanya kama boksi la maua, nikujazie fomu nikupokee mlangoni. Wewe si boksi. Nimekosa, Jorien, na nakupenda. Nisamehe."

Akaandika jina lake lote. Lilisomeka.

Jorien aliisoma kadi tena, mara mbili, kana kwamba ni mkataba. Kisha akaitia mfuko wa kifuani, ndani ya koti. "Umechelewa wiki tatu," akasema, macho yamemlowa. "Nilikuwa na baridi kule Stockwell, nguo zangu nusu ziko kwako mbichi."

"Zimekauka. Nimezipiga na pasi."

"Hata soksi?"

"Hata soksi."

Walikuwa bado wameshikana pale Bi Maureen alipoongeza sauti ya redio kibandani. Brussels wamekubali. Siku zimesogezwa hadi mwisho wa Januari. Hakuna aliyepiga kelele, wachukuzi wawili walivua kofia wakajikuna, na mmoja akasema, "Haya, tupate chai sasa." Jorien alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Muda si mrefu simu yake ikalia kutoka Aalsmeer. Alisikiliza, akajibu kwa Kiholanzi maneno matatu, akakata.

"Lori linakuja kesho kama kawaida," akasema. "Tiketi ya meli nairudisha. Na ile ruhusa yenu nitaiomba. Kwa simu yangu, kwa mkono wangu. Ila kwenye picha nitanuna."

"Nuna utakavyo, kipenzi."

"Kuna fomu nyingine pia. Ya ofisi ya msajili wa ndoa, Lambeth. Nimeuliza. Wanataka twende wawili, kila mtu ahojiwe chumba chake, atie sahihi yake mwenyewe. Hakuna kumjazia mwenzako."

"Umeuliza lini?"

"Siku ya pili baada ya ile simu."

"Nilikuwa sijaandika hata herufi."

"Najua. Nilikuwa nakusubiri, ewe mzito. Wametupa Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Na pasi yangu naibeba mimi."

Toby akarudi nyuma hatua moja ili amwone vizuri, kisigino kikaikumba ndoo ya tulipu, maji yakavifikia viatu vya kijani. Akaitazama ndoo. Akaiacha ilivyolala, akamgeukia Jorien.

"Samahani," akasema.

"Hiyo," Jorien akasema, "naipokea."