Mlima Usio na Mtu

"Pete yako hii hapa," nilimwambia, nikaiweka juu ya kopo la rangi.

Mchumba wangu, fundi wa mabango, alishuka ngazi taratibu, brashi mkononi. Bango la duka la viatu lilikuwa limefika nusu. Aliitazama pete, kisha akauliza amenikosea nini.

Nikamwonyesha picha niliyokuja nayo kwapani, ule mlima alionichorea siku aliyonivisha pete. Mimi nafundisha sanaa sekondari, kusoma picha ndiyo kazi yangu, na hiyo nilikuwa nimeisoma mwezi mzima. Ukungu ni siri. Kibanda kina mlango uliofungwa. Njia inakatika ghafla chini ya mlima, kwenye mawe. Na mtu hakuna, hata kivuli. Nilipomsimulia shangazi, alinitumia ujumbe: "Mwanangu, huyo ana mdomo. Muulize." Nikamwona hajui sanaa.

"Umechora maisha yako," nilisema, "na mimi simo."

Bwana huyu maneno anayaweza ukutani tu. Nilishageuka niondoke aliponishika mkono, akaupeleka pale kwenye mawe, ambayo daftarini mwangu nilishaandika kuwa ni alama ya moyo mgumu.

"Papasa."

Rangi ilikuwa nene, ina makovu, kama ukuta uliopakwa mara nyingi.

"Si mawe hayo," alisema. "Ni wewe. Nimekuchora mara kumi na moja. Herufi naziweza, mlima nauweza, lakini sura yako kila nikiichora inatoka ya mtu mwingine. Nakwangua, naanza upya. Siku ya kukuletea ikafika, nikapaka kahawia juu."

"Na njia?"

"Inaishia miguuni pako. Ilikuwa ifike wapi tena?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mwalimu wa sanaa ni wewe. Niliona aibu."

Aibu ikahamia kwangu, mimi na digrii yangu. Mwezi mzima nimemsoma mtu ninayempenda bila kumuuliza swali hata moja, na nusura nimpoteze. Nikaichukua pete, nikaivaa mwenyewe, na rangi nyekundu ya lile kopo ikanibaki kidoleni. Kisha nikavuta kigoda chake, nikakaa mbele yake.

"Nichore sasa hivi," nilimwambia. "Hata pua ikikaa shavuni, sawa. Ila usinikwangue tena."