Nyimbo za Mama Elise na Kinga ya Kompyuta

Je, kinga ambayo hatukuinunua inaweza kweli kulinda kompyuta ya nyumbani? Alhamisi ile sikuwa na jibu, ingawa katika nyumba yetu hapa Kolwezi ni mimi ninayesoma chuo kikuu.

Mama yangu, Elise, anaongoza kwaya ya kina mama wa parokia. Nyimbo alizozitunga huziandika katika kompyuta yetu. Jumapili ilikuwa sikukuu ya parokia, na kwaya ya Lubudi ilikuwa imealikwa. Vitabu vya nyimbo vilikuwa bado havijachapishwa. Mama aliwasha kompyuta, akapiga kelele.

"Abigaëlle! Nyimbo yangu ilienda wapi?"

Niliangalia. Mahali pa nyimbo palikuwa na alama ndogo zisizofunguka.

"Ni virusi," nilisema.

"Haiwezekani!" alisema kaka yangu Jeancy. "Mi niliweka antivirusi ya kulipa. Rafiki wa Fungurume alinipa kopi yake."

"Ya kulipa, na haukulipa?" Mama aliuliza.

Jeancy alikuna kichwa.

Nilimwita jirani yetu, mama Mado, anayetengeneza kompyuta za ofisi mjini. Alikaa, akaichunguza kompyuta, kisha akamgeukia Jeancy.

"Papa, ile kopi ilikuomba nini mbele ya kuingia?"

"Ilisema nizime kinga ya mashini. Nikazima."

"Njo pale kosa! Ulifukuza sentineli, mulinzi wa nyumba, ukaacha mulango wazi."

"Basi tununue ya kweli," alisema Mama. "Hata leo."

"Ukinunua si mubaya, mama. Ya kweli inatumika muzuri, tena iko na bintu bya kuongeza. Lakini hii mashini ilikuja na kinga yake ndani. Kwa nyumba kama hii, inatosha. Musiizime. Na muipatie mega za intaneti kila mara, ijue virusi ya mupya."

Hapo nilielewa kosa langu pia. Ili kutunza mega za simu, nilikuwa siunganishi kompyuta na intaneti. Nilidhani kwamba kwa njia hiyo virusi haviwezi kuingia.

Mama Mado aliondoa ile kopi, akawasha kinga ya kompyuta, akaisasisha kwa intaneti ya simu yangu. Kinga ilipekua kompyuta yote na kufuta virusi. Kisha akaagiza kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa.

"Mama Elise, angalia. Virusi haikukula nyimbo yako. Iliificha tu."

Mama aliuona wimbo wa kwanza, akauimba papo hapo, amesimama. Jeancy alipiga makofi. Tuliweka nakala za nyimbo zote kwenye diski ya pembeni, tukaifungia kabatini.

"Sasa, virusi ilipitia wapi?" niliuliza.

"Kwa kle," alijibu mama Mado, akionyesha kile kidude kidogo cha kubebea mafaili. "Zile kle bamama ba kwaya banaleta hapa. Muzipime kwanza na ile kinga."

Mama alikunja uso. "Mi nipime kle ya mama Marie wa kwaya mbele ya macho yake? Atasema namuona muchafu!"

"Mugeni akikuja kula bukari kwako, haumumwangie maji ya kunawa?"

"Namumwangia."

"Anakasirika?"

Mama akacheka hadi machozi yakamtoka.

Jumapili, kila mwimbaji alishika kitabu kipya. Wageni wa Lubudi waliposikia wimbo wa Mama, walisimama wakaimba kiitikio pamoja nasi, na kanisa zima likasimama.

Baada ya misa, mama Marie alikuja na kle yake mkononi.

"Elise, na mi nipatie hizo nyimbo."

Kwaya yote ilikuwa inasikiliza. Mama aliipokea kle kwa mikono miwili.

"Nitakupatia, dada. Lakini musikie bote, bamama. Sisi hatununue antivirusi ingine. Tunabakia na ile ya mashini, na hakuna mutu ataizima tena. Na kwangu, kila kle inanawa mbele ya kuingia. Hata ya padri."