Kiti cha Abiria

Haya yalimpata dada yangu, wa tumbo moja nami, na yalitokea mchana kweupe.

Jumamosi moja mumewe, daktari wa meno, alirudi na gari la milango miwili. Boneti ndefu, rangi ya damu ya mzee, viti vya ngozi laini kuliko shavu la mtoto. Akilikanyaga, vikombe vinatetemeka kabatini. Mtaa mzima ulitoka kulitazama. Hata mimi nililimezea mate.

"Panda, mke wangu," alisema. "Bila wewe halinogi."

Walizunguka hadi jioni. Waliporudi, shemeji alikuwa anacheka: mshale wa mafuta haukushuka hata kidogo. Dada alishuka akijishikiza mlangoni. Pete yake ya ndoa ilichomoka kidoleni, ikabingiria chini ya gari.

Ikawa ndiyo desturi yao. Gari lilizidi nguvu, dada alizidi kukonda. Nywele zake zilibaki kwenye kiegemeo. Siku moja alininong'oneza jikoni.

"Mdogo wangu, kile kiti kinaninyonya."

Nilimfuata shemeji. Alikuwa anafuta taa kwa kitambaa, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Hakukana.

"Najua," alisema. "Lakini umelisikia linavyokwenda?"

Nikamhamishia dada kwetu. Nilipotoka kidogo tu kwenda dukani, shemeji alikuja. Mama mwenyewe ndiye aliyemfungulia geti, akidhani mwanawe anapelekwa hospitali.

Dada alirudishwa alasiri. Mwepesi kama ganda la karanga. Hana pumzi.

Hata machozi yetu hayajakauka, shemeji akaliwasha tena. Safari hii peke yake.

Tulimkuta kando ya barabara kuu, jua la utosi. Milango imejifunga. Injini inanguruma. Yeye yuko kwenye usukani, ngozi imegandamana na mfupa, midomo imerudi nyuma kama anayetabasamu.

Fundi tuliyemwita alivunja kioo cha dereva, akazima. Halikuzimika. Akachomoa betri. Likanguruma. Akachungulia tangi.

"Kavu," alinong'ona. "Halina hata tone."

Kisha likanyamaza lenyewe.

Nikainama ndani. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Kioo cha upande ule kilikuwa na ukungu wa pumzi. Kwa ndani.

Nikaufuta kwa kiganja.

Ukarudi.